Upande Usio wa Damu: Ushabiki wa Gor Mahia na wa Vitimbi Katika Njia Panda ya Minjila

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia mwandishi kwa marefu na mapana, ukamshughulikia mhusika, na baadaye ukaanza kumkumbuka msomaji. Shabiki haujamgusa kwa kiasi kinachomstahili. Anapotajwa, aghalabu hutajwa kwa kejeli, kama mtu aliyeiacha akili yake langoni mwa uwanja au mbele ya runinga. Makala haya yanashikilia kwamba ushabiki ni namna ya upokezi wa matini, kwamba una kanuni zake, na kwamba kanuni hizo hudhihirika zaidi pale ambapo shabiki hana ujamaa wowote na kile anachokishabikia. Matini zitakazoangaliwa ni mbili: klabu ya kandanda ya Gor Mahia, hasa ilivyosikika redioni, na kichekesho cha runinga cha Vitimbi. Mahali petu pa kuzitazamia ni Minjila, katika Kaunti ya Tana River.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Minjila? Pale si mji wa kandanda wala wa maigizo. Ni njia panda. Barabara itokayo Malindi hugawanyika hapo: mkono mmoja huelekea Garsen, Witu na Lamu, na mwingine hupanda kaskazini kuufuata mto kwenda Hola na Garissa. Basi husimama, abiria wakashuka kujinyoosha, wakanywa chai, wakanunua maembe, na wakabishana. Hubishana juu ya mambo yasiyo yao, kama wafanyavyo wasafiri popote. Wenyeji wa eneo hili ni Wapokomo, ambao hasa ni wakulima wa kingo za mto, na Waorma na Wawardei, ambao hasa ni wafugaji. Walimu, askari na madereva kutoka bara nao hawakosekani, na bila shaka wao ni miongoni mwa walioleta majina ya klabu za Nairobi katika mabanda ya chai. Lakini Mpokomo au Muorma anayejiita shabiki wa Gor Mahia hakuirithi klabu hiyo kwa baba yake, wala hakuzaliwa katika mtaa wake. Ameichagua. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Tuanze na jina lenyewe, kwani ni jina la kifasihi. Klabu ya Gor Mahia iliundwa mwaka 1968, na iliitwa kwa jina la mganga mashuhuri wa Wajaluo ambaye simulizi zao humsifu kwa miujiza na kwa uwezo wa kujigeuza maumbo. Kwa maneno mengine, kila anayelipaza jina hilo uwanjani, ajue asijue, anamtaja shujaa wa fasihi simulizi. Mahasimu wao, AFC Leopards, walioanza mwaka 1964 kwa jina lililobeba kabila la Waluhya, hujulikana pia kwa jina la Ingwe, yaani chui. Mchezo baina ya mganga na chui ni hadithi tayari kabla mpira haujapigwa. Sasa, mtu wa delta ya Tana si maskini wa mashujaa. Masimulizi humweka Fumo Liyongo katika nchi hiyohiyo, na kaburi linalosemekana kuwa lake liko Kipini, mtoni unapoingia baharini. Angeweza kudai kwamba anaye wa kwake. Lakini Liyongo hana msimu mpya. Kisa chake kimekwisha, nasi tunajua kilivyokwisha, kwa sindano na kwa mkono wa mwana. Gor Mahia hurudi kila mwaka bila kujua kitakachompata, na shabiki hupenda hilo: shujaa ambaye mwisho wake haujatungwa.

Isidhaniwe kwamba kushika upande ni jambo lililoletwa Pwani na redio. Lamu, ambako basi lile la Minjila linakwenda, imegawanyika tangu zamani kuwa Mkomani na Langoni, na pande hizo zimeshindana kwa ngoma na kwa mashairi. Ngoma ya beni nayo, ilipoenea Pwani na bara katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ilikwenda kwa vyama vya mahasimu, Marini na Arinoti, na watu wakatumia mali zao ili mradi upande wao usiaibike. Hadhira ya namna hiyo haikuwa watazamaji tu. Ilikuwa sehemu ya utendaji. Hata hivyo kuna tofauti ambayo haifai kupuuzwa. Mtu wa Langoni ni wa Langoni kwa kuwa nyumba yao iko Langoni. Ushabiki wake unathibitisha kitu alichokuwa nacho tayari. Shabiki wa Gor Mahia aliyeko Minjila hathibitishi chochote, anakitunga.

Anakitunga kwa nini? Kwa sarufi. Sikiliza jinsi anavyosema: "tulishinda," "tulionewa," "mwaka huu hatuna mshambuliaji." Nafsi ni ya kwanza, wingi. Msemaji hajawahi kuigusa nyasi ya uwanja wa Nairobi, hajui neno la Kijaluo zaidi ya mawili matatu, lakini kiambishi *tu-* kimemwingiza katika timu bila usajili. Wahakiki wa riwaya wamejadili sana nafsi ya kwanza umoja, yule "mimi" anayesimulia kisa chake. "Sisi" huyu wa shabiki hatujamtafutia nafasi katika nadharia ya usimulizi. Si msimulizi maizi, maana hajui mwisho. Si mhusika, maana hakutenda. Ni msikilizaji aliyejipa nafasi ndani ya kitenzi.

Mwaka 1987 ndio uliokitia kiambishi hicho nguvu. Mwezi Agosti, katika Michezo ya Afrika Nzima iliyofanyika Nairobi, timu ya taifa ya Harambee Stars ilifika fainali ikafungwa na Misri bao 1-0. Mwishoni mwa mwaka huohuo Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, lililobeba jina la Nelson Mandela, dhidi ya Espérance ya Tunisia. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Jinsi ushindi ule ulivyopatikana ni jambo la kupendeza kwa mhakiki. Tunis walitoka sare 2-2. Nairobi wakatoka sare 1-1. Jumla ni 3-3. Hakuna aliyemfunga mwenzake zaidi. Ushindi ulitokana na kanuni ya kuyapa uzito mabao ya ugenini, yaani ulitokana na namna ya kuyasoma matokeo na si matokeo yenyewe peke yake. Mtu asiyeijua kanuni angesikia sare mbili. Shabiki alisikia kombe. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, alizungumzia upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao mbele ya matini. Nadhani hangepata mfano mwepesi kuliko huu.

Na shabiki wa mbali alisikia, hakuona. Hili ni la kusisitizwa. Sauti ya Kenya, iliyorejea kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, ilikuwa na idhaa ya taifa kwa Kiswahili, na kwa watu wa Tana mchezo ulikuwa kwanza masimulizi ya mtangazaji. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Pwani aliyefariki Februari 2025, alikuwa bingwa wa sanaa hiyo, na haitoshi kumkumbuka kwa kipindi chake cha adabu pekee. Usimulizi wa kandanda redioni una masharti magumu kuliko ya hadithi ya kawaida. Tukio halimngoji msimulizi. Lazima aujenge uwanja masikioni mwa watu, kulia na kushoto, katikati na langoni, kisha awapitishe wahusika 22 humo huku akijua kwamba wakati wowote kisa kinaweza kugeuka. Wolfgang Iser alidai kwamba matini huishi katika mapengo ambayo msomaji huyajaza. Redio ni mapengo matupu. Msikilizaji wa Minjila aliyatia mapengo hayo vitu vyake mwenyewe: uwanja aliouona ulikuwa na mbuga ndani yake, na mbio za winga zilikuwa za mtu anayemjua kijijini.

Tena mapengo hayo yalijazwa kwa Kiswahili. Klabu yenye jina la Kijaluo, yenye nyimbo za Kijaluo majukwaani, ilimfikia msikilizaji wa Tana katika lugha ambayo si ya Mjaluo wala si yake hasa. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika jamii ya Sabaki. Kiorma ni lugha ya Kikushi. Kiswahili cha mtangazaji kilikuwa ugenini kwa wote, kama yale mabao. Bila lugha hiyo Gor Mahia ingebaki shauri la Kisumu na la mitaa fulani ya Nairobi.

Vitimbi hufanya kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoweka "burudani za umma" zote katika kapu moja. Hakuna shabiki wa Vitimbi anayesema "tulichekesha." Kiambishi *tu-* hakifai. Badala yake huazima jina. Mzee mkali asiyesikilizwa na wanawe huitwa Ojwang. Mke mwenye neno la mwisho huitwa Mama Kayai. Timu humpa shabiki kiwakilishi, kichekesho humpa nomino. Timu humwingiza ndani. Kichekesho humtolea nje wahusika wake, wakatembea barabarani, wakaketi katika banda la chai. Ndiyo maana mtu aweza kuwa shabiki wa vyote viwili bila vyote viwili kugongana moyoni mwake: kimoja kinamwambia yeye ni nani, kingine kinamwambia jirani yake ni nani.

Kifani, Vitimbi ni kazi ya wahusika bapa, na sioni haja ya kuona haya kwa hilo. Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka 1900, alisema tunacheka pale kiumbe hai anapotenda kama mtambo. Mzee Ojwang ni mtambo wa namna hiyo. Miwani ile, ndevu zile, hasira inayopanda kwa sababu ndogo na kushuka kwa sababu ndogo zaidi: mtazamaji anajua kitakachokuja, na furaha yake ni kukiona kikija. Mhakiki aliyezoea kudai ukuaji wa mhusika atasema hapa hakuna fani. Lakini mhusika anayekua huhitaji mwisho, na kipindi cha kila juma hakina mwisho. Kina wiki ijayo. Kutokua kwa Ojwang ni sharti la utanzu, kama vile kutokuzeeka kwa sungura ni sharti la ngano.

Jambo zito ni lafudhi. Ucheshi wa Ojwang umetegemea sana Kiswahili chenye matamshi ya Kijaluo, na wahusika wengine wa vichekesho vya shirika lile, pamoja na vya Vioja Mahakamani, walijengwa juu ya matamshi ya makabila yao, au makabila waliyopewa. Mtu aweza kusema, na amesema kweli, kwamba hapa taifa lilifundishwa kuwacheka watu kwa asili yao. Lakini shtaka hilo linasahau jambo moja. Aliyekuwa Ojwang, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Matamshi yale hayakuwa ya damu yake, alikuwa ameyavaa. Katika nchi ambayo siasa zake ziliwahesabu Wakikuyu na Wajaluo kama pande mbili zisizopatana, Mkikuyu alivaa kinyago cha mzee wa Kijaluo kwa miaka mingi hivi kwamba alipofariki Julai 2015 taifa lilimlilia Ojwang, na wengi walijifunza jina Wanjau siku ya msiba. Alipokuwa akisumbuliwa na macho katika uzee wake, watu walichanga fedha za matibabu, na waliochanga walimchangia yule mzee wa runinga.

Sitaki kuligeuza hili kuwa wimbo wa umoja. Kinyago kile kilikuwa na ubaya wake: mzee wa Kijaluo katika Vitimbi ni wa kuchekwa kwanza, na kuheshimiwa, kama kupo, huja baadaye. Hakuna kipindi ninachokifahamu ambacho lafudhi hiyo ilipewa nafasi ya kusema jambo la hekima pasipo kicheko kulifuata. Na mtu wa Tana alicheka akiwa wapi? Hapa Minjila inatusaidia. Kama mtazamaji angekuwa wa Mvita au wa Lamu, tungesema anacheka kwa kiburi cha mwenye lugha. Mpokomo na Muorma hawana kiburi hicho. Wanajua kwamba hata Kiswahili chao hutambulika mara wafungulapo kinywa Mombasa. Katika vichekesho hivyo wao hawakuwa na mhusika wa kudumu anayefahamika nchi nzima. Hata Vituko, kipindi kilichochota waigizaji na ladha yake Pwani, kilikuwa cha Pwani ya mjini, si ya mtoni. Kutochekwa ni aina ya kutoonekana. Waliicheka lafudhi ya mwingine huku wao wenyewe hawajahesabiwa hata miongoni mwa wa kuchekwa, na sina hakika kwamba hiyo ni heshima.

Kwa upande wa kandanda serikali ilijaribu kulitatua suala la asili kwa amri. Karibu na mwaka 1980 klabu zilitakiwa kuacha majina ya kikabila. Klabu ya Waluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia ikajificha kwa muda nyuma ya herufi zake, ikasemwa kuwa ni Gulf Olympic Rangers, jina ambalo hakuna shabiki aliyewahi kulilia machozi. Baadaye jina la mganga lilirudi. Amri iliyakosea majina kwa kudhani kwamba jina la asili humfungia mlango asiye wa asili. Ushahidi wa Tana ni kinyume chake: lilikuwa jina lile geni, lenye simulizi ndani yake, lililompa mtu wa mbali kitu cha kushika.

Hata hivyo, upande ni neno zito katika bonde la Tana. Mto una pande mbili, na ugomvi baina ya wakulima wanaoilinda ardhi ya kingoni na wafugaji wanaohitaji njia za kufikisha mifugo majini ni wa miaka mingi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 uligeuka kuwa mauaji. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika vijiji vya delta, wanawake na watoto wakiwamo. Walikuwamo bila shaka, pande zote mbili, watu waliowahi kusema "tulishinda" juu ya klabu moja na kucheka mzee mmoja. Lile *tu-* la ushabiki halikuzuia lolote. Mhakiki anayetaka kuandika kwamba kandanda na runinga hujenga taifa aanze na ukweli huo, na nadhani kalamu itamwia nzito.

Lakini tusivuke mpaka na kusema kwamba kwa sababu hiyo ushabiki ni upuuzi. Tofauti iliyoko ni ya kimuundo. Upande wa damu mtu hawezi kuuacha hata akitaka. Wenzake wataukumbuka kwa niaba yake. Upande wa ushabiki aweza kuuacha leo, na anaapa kwamba hatauacha. Kiapo hicho kina maana kwa kuwa hakuna kinachomlazimisha. Ni uaminifu usio na ulinzi, uliojengwa juu ya kumbukumbu za sauti redioni na za sura katika kioo. Katika mahali ambapo upande mwingine wote umekwisha kuamuliwa na kuzaliwa, tendo la kuchagua upande kwa sababu tu ya jina zuri na mabao ya ugenini ni tendo la ubunifu, na linastahili kuchunguzwa kama tunavyochunguza ubunifu mwingine.

Kuna kejeli ndogo ya kihistoria inayofaa kutajwa papa hapa. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kila mara Harambee Stars wanapojipanga kabla ya mchezo, Tana huwa imekwisha kuingia uwanjani mapema kuliko wachezaji, ila haitangazwi.

Mambo yamebadilika tangu siku za redio. Mitambo ya zamani ya runinga ilipozimwa mwaka 2015, asiye na king'amuzi alibaki na kioo cheusi. Vichekesho vilikuwa vimekwisha kupata makao mengine: Papa Shirandula, kilichoanza katika Citizen mwaka 2007, kilichukua nafasi katika mioyo ya wengi hadi Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, naye pia akalilia taifa kwa jina la mhusika wake. Katika kandanda mageuzi ni makubwa zaidi. Vijana wa Minjila, kama wa Kenya nzima, husema "tulishinda" juu ya Arsenal na Manchester United. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni utumwa wa fikra. Mimi sioni tofauti ya msingi baina ya kuchagua London na kuchagua mganga wa Kijaluo. Kote kuwili damu haimo. Ninachokisikitikia ni kingine. Picha imekuja na maelezo ya Kiingereza, na mapengo yamepungua. Kijana anaona kila kitu. Msimulizi wa Kiswahili, aliyelazimika kuujenga uwanja kwa maneno, amepoteza kazi yake kubwa, na pamoja naye imepotea shule moja ya usimulizi ambayo vitabu vyetu vya fasihi simulizi havikuiweka katika orodha ya tanzu wakati ilipokuwa hai.

Kazi iliyo karibu ni ya uwanjani, kwa maana yetu ya utafiti. Wale waliousikia mwaka 1987 wakiwa vijana sasa ni watu wa makamo na wazee. Wanaweza bado kueleza waliuonaje uwanja ambao hawakuuona, na majina ya Ojwang na Mama Kayai waliwabandika akina nani kijijini. Mwanafunzi wa uzamili mwenye kinasa sauti na nauli ya kutoka Malindi anaweza kuanza na mabanda ya chai ya njia panda, wakati basi la Lamu linaposimama.